Intaloki baada ya DUI: mwongozo kwa dereva wa jimbo la Washington

Maswali kuhusu DUI, yaani kosa la kuendesha gari ukiwa umelewa, ni yale yale kila mara. Nimekamatwa nimekunywa, wanasema gari langu litafungwa intaloki, kifaa cha kupulizia, nianzie wapi? Mke wangu naye atapuliza? Nikienda nyumbani Desemba itakuwaje? Mara nyingi anayeuliza ameshachelewa, kuna tarehe imempita na hakujua kama ilikuwepo. Kwa hiyo nayaandika yote mahali pamoja.

Nimeshika jimbo la Washington kwa sababu Wakenya, Wakongo, Warundi na Watanzania wengi wako Kent, Tukwila, SeaTac na Tacoma, na sheria ya huko ni kali. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria ya intaloki ya namna fulani, ila miezi, ada na tarakimu hutofautiana. Ukiwa Texas au Minnesota, utaratibu utaufahamu kutoka hapa, lakini namba kazichukue kwenye ofisi ya leseni ya jimbo lako. Na mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakili.

Kifaa chenyewe

Intaloki ni kipimo cha pumzi kilichounganishwa na mfumo wa kuwashia gari. Usipopuliza, injini haiwaki. Ukipuliza ikaona pombe ya 0.020 au zaidi (namba hizi ni asilimia ya pombe kwenye damu), haiwaki vilevile. Kikomo cha kawaida barabarani ni 0.08, kwa hiyo hapa umepewa robo yake tu. Kuna kamera inayokupiga picha kila unapopuliza, na kila kitu kinaandikwa: saa, kiwango, sura. Walioizoea Alcoblow, kipima pumzi cha polisi wa Kenya, wasichanganye mambo. Ile unakutana nayo barabarani usiku mmoja, hii unaishi nayo.

Muda wake Washington ni mwaka 1 kwa anayefungiwa mara ya kwanza, miaka 5 mara ya pili, miaka 10 mara ya tatu. Ukikamatwa na mtoto wa chini ya miaka 16 ndani ya gari, unaongezewa. Na huo mwaka mmoja ni muda wa chini kabisa. Nitaeleza mbele kwa nini wengine unawachukua mwaka na nusu.

Kusanya hivi kabla ya kuanza

- Karatasi zote ulizopewa na polisi usiku ule, hata zile ambazo hukuzielewa.
- Leseni yako, au karatasi ya muda uliyopewa badala yake.
- Kadi ya usajili wa gari. Kama gari si lako, ruhusa ya maandishi ya mwenyewe.
- Jina la kampuni yako ya bima na namba ya bima.
- Uthibitisho wa kipato, ukitaka kuomba msaada wa gharama.
- Anwani sahihi kwenye Idara ya Leseni ya jimbo, ile ambayo kila mtu anaiita DOL. Barua zao zinakwenda kwenye anwani waliyo nayo. Umehama nyumba mara mbili hukuwaambia? Kwao barua imefika.
- Pesa. Kukodi kifaa mara nyingi ni kati ya dola 60 na 100 kwa mwezi, mbali na kufunga, na Washington inaongeza dola 21 kila mwezi kwa ajili ya mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo.

Hatua

1. Hesabu siku saba tangu ulipokamatwa.

DUI ina njia mbili zinazokwenda sambamba, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Njia moja ni ya mahakama. Nyingine ni ya DOL, ambayo inaweza kukufungia leseni bila kumngoja hakimu. Kupinga kufungiwa na DOL, unatakiwa uombe kusikilizwa ndani ya siku 7. Ada ya maombi ni dola 375, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Usipoomba, leseni inafungwa siku ya 30 baada ya kukamatwa: siku 90 kama ni mara ya kwanza na ulipulizia ukazidi kikomo, mwaka mzima kama ulikataa kupulizia.

Usikae ukisema "kesi yangu ni mwezi ujao". Mwezi ujao ni wa mahakama. Siku saba ni za DOL.

2. Pata wakili kabla ya kukiri chochote. Kama si raia, pata na wa uhamiaji.

Ukiwa huna uwezo, mwombe hakimu wakili wa umma siku ya kwanza unapofika mbele yake. Omba na mkalimani wa Kiswahili, kwa kesi ya jinai hulipi. Sema Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Uvira na mkalimani wa Mombasa wataelewana kwa salamu na safari, lakini kwenye dhamana, masharti na kukiri kosa, neno moja likipishana unatia sahihi usichokijua. Usimfanye mwanao mkalimani, hata kama Kiingereza chake ni cha darasani.

Upande wa uhamiaji nitasema kwa kifupi. DUI moja ya kawaida, isiyo na majeruhi wala dawa za kulevya, kwa kawaida peke yake haimfanyi mtu arudishwe kwao. Lakini mwenye viza ya masomo au ya kazi anaweza kufutiwa viza kwa kukamatwa tu, kabla hata ya hukumu, na akitoka nje ya nchi akakwama. Tangu 2019, hukumu mbili za DUI ndani ya kipindi kinachochunguzwa zinamfanya mwombaji wa uraia achukuliwe kuwa hana mwenendo mwema, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuwa wake. Anayengoja uraia alifikirie hilo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2010 kwamba wakili wa kesi ya jinai lazima amweleze mteja asiye raia athari za kukiri kosa katika suala la kufukuzwa nchini. Kwa hiyo muulize waziwazi. Akikujibu "hayo si yangu", tafuta wa pili.

3. Chagua kampuni ya intaloki.

Polisi wa Jimbo la Washington ndio wanaoidhinisha vifaa na mafundi, na orodha yao iko wazi kwa umma. Usichague kwa bei ya tangazo. Uliza mambo manne: ofisi ya karibu iko wapi, wanafungua Jumamosi au la, wanatoza kiasi gani kufungua gari lililojifunga, na kuvunja mkataba ni dola ngapi. Kampuni yenye mwezi wa bei poa na fundi aliye mbali saa moja na nusu itakumaliza kwa mafuta na ruhusa za kazini.

Kipato kikiwa kidogo, omba msaada wa mfuko wa jimbo kupitia DOL kabla hujatia sahihi mkataba. Wengi hawaombi kwa sababu hakuna anayewaambia. Ile dola 21 unayokatwa kila mwezi ndiyo inayoujaza mfuko huo.

4. Pata SR-22.

SR-22 ni cheti ambacho kampuni ya bima inapeleka DOL kuthibitisha kwamba una bima. Unapiga simu, unasema unahitaji SR-22, wanapeleka. Bei ya bima itapanda, na baadhi ya kampuni zitakukataa, hapo utatafuta nyingine. Cheti hiki kinatakiwa kiwe hai kwa miaka 3. Ukichelewa kulipa bima wiki moja tu ikakatika, kampuni inaijulisha DOL na leseni inafungwa upya.

5. Funga kifaa.

Kazi yenyewe huchukua saa moja au mbili hivi. Mwambie fundi kama gari lina kengele ya wizi au linawashwa kwa rimoti. Akimaliza, asikuelekeze harakaharaka. Puliza mbele yake mpaka ufaulu mwenyewe, na mwombe umrekodi kwa simu akionyesha, maana maneno ya Kiingereza ya kiufundi utayasahau kabla hujafika nyumbani. Chukua cheti cha kufungwa kifaa na ukipige picha.

6. Omba leseni ya intaloki.

Hii ndiyo habari njema ambayo watu hawaijui. Washington haikulazimishi ukae bila kuendesha mpaka adhabu iishe. Ukishakuwa na kifaa na SR-22, unaweza kuomba leseni ya intaloki DOL, kwa mtandao au kwa posta, ada yake ni dola 100 hivi, na ukaendesha gari lenye kifaa wakati leseni yako ya kawaida imefungwa. Muda unaoutumikia kwa leseni hiyo unahesabiwa.

Mambo mawili ya kazi. Gari la mwajiri unaloliendesha kwa amri yake saa za kazi linaweza kusamehewa kifaa, ila mwajiri ajaze tamko la DOL na wewe utembee na nakala. Gari la ofisi ambalo limekabidhiwa wewe peke yako kwa ajili ya kwenda na kurudi kazini halimo kwenye msamaha huo. La pili ni kwa madereva wa malori: leseni ya intaloki haikuruhusu kuendesha gari la biashara. Kwa sheria ya taifa, hukumu ya kwanza ya DUI inakuondolea CDL, yaani leseni ya magari ya biashara, kwa mwaka mmoja, hata kama ulikuwa kwenye gari lako dogo siku ya mapumziko, na ya pili inakuondolea maisha. Anayekwambia "funga intaloki urudi kwenye lori" hajui anachosema.

7. Jifunze kupuliza.

Vuta pumzi ndefu, puliza polepole bila kukatisha. Vifaa vingine vinataka uvume kidogo huku unapuliza, vingine upulize kisha uvute. Fuata kile alichokuonyesha fundi. Kabla ya kupuliza, suuza mdomo kwa maji. Fanya hivyo kila safari, hata kama hujaonja pombe mwezi mzima.

Sababu ni hii: kipimo kinaona pombe, hakijui imetoka wapi. Dawa ya kusukutua, dawa ya kikohozi, mandazi ya hamira yaliyotoka kuliwa, togwa, uji uliochachushwa, hata sanitaiza mikononi na maji ya kuoshea kioo cha mbele, vyote vinaweza kuleta namba. Pombe ya mdomoni hupotea ndani ya dakika 15 hivi. Ya kwenye damu haipotei hivyo.

Na hapo kuna mtego wa asubuhi. Mwili huondoa pombe kwa wastani wa 0.015 kwa saa. Mtu aliyetoka kwenye sherehe saa nane usiku akiwa na 0.12, saa moja asubuhi bado ana 0.045 hivi. Hatawasha gari, na rekodi itaandika. Mpaka ashuke chini ya 0.020 itakuwa karibu saa tatu asubuhi. Supu, kahawa, maji ya baridi na kulala vinaburudisha tu, namba hiyo haivisikilizi.

8. Jibu kila inapokuita njiani.

Baada ya kuwasha, kifaa kitakuita upulize tena dakika chache za mwanzo, halafu kwa nyakati zisizotabirika. Unapewa dakika kadhaa. Ukiwa kwenye barabara kuu, toka, simama pazuri, puliza. Kifaa hakizimi injini gari likiwa kwenye mwendo, huo ni uvumi. Ukikosa kupuliza au ukishindwa, kinaandika, na honi au taa zinaweza kuanza kupiga mpaka uzime gari.

Kosa linalowaumiza watu wasiokunywa kabisa ni hili: unaliacha gari likinguruma, unakimbia kuchukua mtoto shuleni au mzigo dukani, kifaa kinaita hakuna mtu. Kipimo kilichokosekana kinakuhesabia ukiukaji, isipokuwa picha ionyeshe hukuwa ndani ya gari. Usiutegemee huo msamaha. Ukishuka, zima.

9. Usikose tarehe ya ukaguzi.

Kila baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa tarehe iliyo kwenye mkataba wako, gari linapelekwa kwa fundi apakue rekodi na kusawazisha kipimo. Ukipitiliza, gari linajifunga na rekodi inachafuka. Weka kengele kwenye simu wiki moja kabla. Huhitaji ujuzi wowote hapa.

10. Ondoa kifaa kwa utaratibu.

Mwisho wa muda, kampuni inatakiwa iithibitishie DOL kwamba siku 180 za mwisho zilikuwa safi. Yanayochafua ni haya: kujaribu kuwasha ukiwa na 0.04 au zaidi bila kupuliza tena ndani ya dakika 10 ukashuka chini ya hapo. Kukosa au kushindwa kipimo cha njiani. Kutofika kwa fundi. Na kifaa kutolewa na mtu asiyeidhinishwa. Ukiteleza siku ya 170, kipindi hicho kinaanza kuhesabiwa upya, na kifaa kinakaa. Ndiyo maana mwaka mmoja wa wengine unakuwa mwaka na nusu. Usikitoe siku unayoona wewe mwaka umetimia. Ngoja barua ya DOL, hakikisha wameuondoa ulazima, ndipo uende kwa fundi.

Makosa mengine yanayorefusha adhabu

Kumwomba mtu akupulizie. Picha inamwonyesha yeye, na Washington hilo ni kosa la jinai kwako na kwake: hadi siku 364 jela na faini hadi dola 5,000. Shemeji yako alitaka kukusaidia tu, naye anaondoka na kesi.

Kuendesha gari la rafiki lisilo na kifaa "hapa karibu tu". Ni kosa la uzito uleule, na polisi akiingiza jina lako kwenye kompyuta yake sharti la intaloki analiona.

Kuuza gari na kukaa bila kifaa ukidhani miezi inakwenda. Baada ya hukumu, hesabu inasimama muda wote ambao huna kifaa kwenye gari unalomiliki au kuliendesha. Aliyepanda basi mwaka mzima anaweza kukuta bado anadaiwa mwaka mzima.

Ikitokea tatizo

*Namba imetokea na sijanywa.* Usiliache gari ukaondoka kwa hasira. Suuza mdomo kwa maji palepale, ngoja dakika tano au sita, puliza tena kabla dakika 10 hazijaisha. Kipimo cha pili kikiwa safi na picha ikikuonyesha wewe, umejinusuru. Andika saa na ulichokula.

*Mke wangu anatumia gari hilohilo.* Atapuliza kama wewe. Kwenye rekodi gari ni lako, kwa hiyo akinywa glasi moja ya mvinyo harusini namba inaingia kwako kwanza, maelezo baadaye. Mwonyeshe alivyokuonyesha fundi.

*Betri imekufa.* Kifaa kinakula umeme hata gari likiwa limezimwa. Gari lisilotembea wiki mbili au tatu linaweza kuzimia, hasa betri ikiwa ya zamani au baridi ikiwa kali kama ya Spokane. Piga simu kampuni ya intaloki kabla hujaunga betri, waandike. Fundi wa gereji akitaka kutoa betri au kugusa nyaya, fanya hivyohivyo, na utunze risiti yenye tarehe na saa, maana kukatika kwa umeme kunaonekana kwenye rekodi kama kuchezea kifaa.

*Asubuhi ya baridi kinachukua muda mrefu.* Kinajipasha joto. Kama kile kipande cha mkononi unachopulizia kinachomoka, lala nacho ndani, na ukiweke mahali pakavu.

*Nasafiri nyumbani wiki sita, kuna msiba.* Piga simu kampuni kabla ya kununua tiketi. Omba ukaguzi usogezwe siku moja au mbili kabla ya safari, na uulize ukirudi utakuwa bado ndani ya tarehe au umepitiliza. Mwachie mtu unayemwamini awashe gari mara kwa mara, akijua kwamba anapuliza kwa jina lako. Kama uko chini ya uangalizi wa mahakama, ruhusa ya kutoka nje ya nchi ni jambo jingine kabisa, na kama una viza, rudi hatua ya 2.

*Nina pumu, siwezi kupuliza sana.* Peleka barua ya daktari kwa kampuni na uulize kama wanaweza kukupunguzia kiasi cha pumzi. Usiendelee kushindwa kimyakimya, kila kushindwa kunaandikwa.

*Nahamia jimbo jingine.* Rekodi yako inakwenda nawe, majimbo yanasomeana. Kabla ya kupakia vitu, uliza DOL namna ya kuumaliza muda wako ukiwa huko, na uliza kampuni kama ina fundi mjini unakokwenda. Ukiangukia Utah, kumbuka kikomo chao cha kawaida ni 0.05.